Gurudumu la Maji na Gurudumu la Mtu

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilikufa Katoyi, pale njia inapopanda juu ya mawe ya volkeno, nikiwa nasukuma bidoni, yaani madumu ya maji, kutoka ziwani. Halikupiga kelele. Spoki moja ilikatika, ikafuata nyingine, kisha ringi yote ikajipinda kama chapati iliyosahauliwa juani, na bidoni zikateremka chini kwa zamu. Moja ilipasuka. Mama mmoja aliyekuwa akinisubiri mbele ya nyumba yake ya mbao akasema pole, nami nikajibu asante. Nilikaa juu ya jiwe nikatazama maji yakiingia kwenye nyufa, maana Goma maji hayakai juu ya ardhi, yanamezwa mara moja. Mtu mwingine angetukana, au angelia. Mimi nilikuwa nawaza kwamba viatu vyangu vimelowa.

Nilikuwa hivyo siku zile. Moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi ya moyo ni tofauti na ya mguu, kwa sababu ya mguu ukiigonga-gonga inaondoka.

Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa ng'ombe na viazi. Vita vilitushusha mjini kama vilivyowashusha wengine, tukaishi chini ya hema pembezoni mwa Goma, na chini ya hema hilo baba yangu akaugua kifua akafa. Kumzika ilikuwa kazi. Goma haichimbwi kwa jembe. Vijana waliotusaidia walivunja mwamba kwa mitarimbo na nyundo tangu asubuhi mpaka jua likafika utosini, na bado shimo lilikuwa fupi. Mama alikaa kando kwenye mkeka, anasikiliza chuma kinavyogonga jiwe. Mimi nilisimama karibu na wachimbaji, nikiwapa maji ya kunywa. Sikutoa chozi. Watu wakasema nina moyo mgumu wa kiume. Haukuwa mgumu, ulikuwa umeacha kazi tu.

Baadaye mahema yalibomolewa, tukaambiwa kila mtu arudi kwao. Kwetu nyumba haikuwepo tena, na habari za njia zilibadilika kila wiki, kwa hiyo tukapanga chumba cha mbao Katoyi, mimi, mke wangu na mama. Nikapata baiskeli, au kinga, tunavyoiita huku, nikaanza kuuza maji. Ni kazi isiyohitaji moyo. Unajaza bidoni ziwani, unazifunga, unasukuma, unapanda, unamwaga kwenye mapipa ya watu, unashuka tena. Wenye pikipiki walikuwa wakitucheka njiani kwamba sisi ni punda wa ziwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuwajibu, na si kwa uvumilivu. Sikuwa na hamu ya kujibu chochote.

Mama naye alikuwa amelala. Tangu maziko yale miguu yake ilikataa, kisha kiuno, kisha chakula. Kila asubuhi mke wangu na jirani yetu, mama mmoja muuza sombe, yaani kisamvu, walimtoa nje juani wakamketisha kwenye kiti, akiwa amefungwa vitenge juu ya vitenge na koti la marehemu baba juu ya vyote, kwa sababu alikuwa anasikia baridi hata saa sita mchana. Nikirudi kutoka ziwani nilimkuta ameshaingizwa ndani. Nilimsalimu nikiwa mlangoni, anaitika, basi. Kwetu ndivyo ilivyo. Mama mtu mzima akishaugua anakuwa wa wanawake. Wao ndio wanamwosha, wanamgeuza, wanamwinua. Mtoto wa kiume analeta kuni na dawa, anauliza hali akiwa amesimama.

Siku moja aliniambia niingie. Niliinama kupita mlangoni, nikachuchumaa karibu na kitanda. Akasema kwa sauti ile ya kuagiza chumvi:

"Miye sitaki mutarimbo. Nikikufa hapa batanivunjia mawe kama baba yako. Munipeleke fasi jembe inaingia."

Nilisema ndiyo mama, nitakupeleka kwetu penye udongo. Nilisema hivyo jinsi mtu anavyoijibu mvua. Halafu nikatoka kufunga bidoni zangu. Lakini neno lile lilibaki, si moyoni, labda mgongoni, kwa sababu kila nikisukuma nililikuta pale. Kutoka Goma mpaka Sake gari lipo. Kutoka Sake kupanda kwetu hakuna gari, ni njia ya miguu na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao. Pikipiki mama aliikataa. Kiuno chake kisingepanuka, na hata kingepanuka, mwanamke wa umri wake hapandi kitu kwa kukitanulia miguu. Tungekuwa kwetu zamani zile, lisingekuwa jambo. Kulikuwa na kipoyi.

Kipoyi ni kitanda cha kusukwa chenye miti miwili, cha kubebea wagonjwa. Kila kilima kilikuwa na chake, na kila nyumba ilitoa mabega. Niliwahi kumwona mama akibebwa hivyo, miaka mingi nyuma, mguu wake ulipovimba tukampeleka kwenye zahanati ya ng'ambo ya bonde. Wakati ule mama alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya kukamulia maziwa tangu utotoni. Wabebaji walibadilishana kila walipofika kwenye tambarare, wakihema, na mmoja akamwambia angeacha nusu yake nyumbani. Mama akajibu akiwa amelala palepale juu ya mabega yao kwamba wao waliuza maziwa yote sokoni, yeye aliyanywa, sasa wabebe. Bonde lote lilicheka. Mimi nilikuwa kando na kibuyu cha kuwanywesha, kwa sababu kwenye kilima chetu mwenye mgonjwa hashiki mti wa kipoyi. Mabega ni ya majirani. Wewe zamu yako itakuja kwa mgonjwa wao.

Kwa hiyo katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwinua mama yangu. Lakini uzito wake nilidhani naujua. Niliusoma kwenye shingo za wale wanaume.

Sasa majirani wale walitawanyika, wengine Uganda, wengine mitaa ya Goma nisiyoijua, na kipoyi sijui kiliungua au kilioza. Kilichobaki ilikuwa baiskeli, nayo ilikuwa imevunjika gurudumu.

Niliibeba begani mpaka Majengo, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na kibanda cha turubai nyuma ya soko. Alikuwa mtu wa maneno machache na makohozi mengi. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu lililokufa, akatikisa kichwa kama daktari asiyetaka kusema. Ringi ilikuwa ya kutupa. Alikuwa na nyingine, nzuri, iliyotoka kwenye baiskeli ya mtu aliyehama. Kitovu cha gurudumu, kile chuma cha katikati, kilikuwa bado kizima. Kilichobaki ni kusuka spoki upya kati ya hivyo viwili. Akaniuliza gurudumu ni la kubeba nini.

Nikasema maji. Kisha mdomo wangu ukaongeza wenyewe, na mama.

Fundi aliweka chini ufunguo wake. Akaniambia mayi ao mama, nichague, tairi moja haitumikie mabwana wawili.

Alinionyesha. Kwenye turubai kulikuwa na magurudumu mawili ya watu wengine yanayosubiri. La kwanza lilisukwa kwa spoki nene, za pikipiki, alizozikata na kuzichonga upya. Kwa kuwa zilikuwa fupi, kila moja ilizivuka nyingine mara mbili tu ikafika kwenye ringi. Hilo ndilo alilosukia wauza maji na wabeba makaa. Halipindi. Unaweza kulipakia nyumba. Lakini kila jiwe unalolikanyaga, alisema, unalipeleka kwenye mzigo moja kwa moja, na mzigo mzito wenye mifupa utalia. La pili lilikuwa la spoki nyembamba, ndefu, zile gurudumu lilizozaliwa nazo, na kila moja ilipita juu ya nyingine, juu tena, juu tena, kisha ikainama ikapita chini ya ile ya nne. Zilikuwa zimelala, hazikusimama. Akaniambia nilikandamize kwa kiganja. Lilinesa kidogo, kidogo sana, lakini niliona. Hilo ni la mtu. Likipakiwa bidoni zinazoning'inia huku na huku, spoki zitakatika kwenye kiwiko, pale zinapojikunja kitovuni, moja baada ya nyingine, kama zilivyokatika zangu.

Nikamuuliza kama tunaweza kusuka la mtu sasa, kisha baadaye tukalibadilisha. Akasema la mtu linaweza kuwa la maji, kwa kupanua matundu ya ringi ili spoki nene zipite, lakini la maji haliwezi kuwa la mtu tena, tundu likishapanuliwa halirudi. Na spoki zile ndefu zilikuwa seti moja tu aliyobaki nayo, na mipaka ilivyokuwa, hakujua nyingine zitakuja lini. Kama sizitaki, kuna mtu wa Murara anazingoja.

Nilimwambia asuke anavyoona yeye. Hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya pekee.

"Miye niko nasuka. Kuchagua si kazi yangu. Wende, ukajue mama yako ni mama ao ni mayi, njo urudi."

Nilirudi Katoyi kwa miguu. Jambo lilikuwa wazi kabisa, hata kwa kichwa kilicholala. Nikichukua la maji, tunakula, na mama anabaki hapa, na siku yake ikifika nitaita vijana wenye mitarimbo. Nikichukua la mtu, nampeleka mama kwenye udongo wake njia ikitulia, lakini mpaka siku hiyo hakuna maji, na bila maji sikujua tutakula nini. Nililigeuza jambo hilo kichwani njia nzima, nikashangaa kwamba haliniumi. Nilikuwa kama mtu anayehesabu mambo ya nyumba ya jirani.

Mke wangu alikuwa anasonga ugali nilipomweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mwiko. Halafu akasema taratibu, macho kwenye sufuria:

"Chukua ile ya mayi. Itamubeba."

Niseme ukweli: baada ya miezi ya kutosikia kitu, nilisikia hasira. Ilikuwa ndogo na baridi, lakini ilikuwa yangu. Nilimwambia mama yangu si bidoni. Nilimwambia barabara ya kupanda kwetu ni mawe matupu, na kwa uzito wake kila jiwe litaingia kwenye kiuno, na kama yeye amechoka kumwosha aseme amechoka. Alirudia tu, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ile ya mayi itamubeba, akapakua ugali akampelekea mama kwanza. Nikajisemea, basi, huyu naye ameshakufa moyo kama mimi, anawaza tumbo.

Ni lazima nieleze kitu hapa kwa wasio wa kwetu. Mwanamke aliyeolewa kwetu anawaheshimu wakwe kwa mdomo. Mke wangu hajawahi kutaja jina la baba yangu mpaka leo, hata akiwa kaburini. Kitu chochote kikiwa na jina linalofanana nalo anakipa jina jingine. Na mwili wa mkwe ndiyo kabisa. Anachokiona akimwosha mama mkwe, anakiacha kwenye beseni. Hamwambii jirani, hamwambii mume. Hayo niliyajua tangu nilipoanza kuwa na akili, na sikuyakumbuka jioni ile.

Asubuhi nilirudi kwa fundi nikamwambia la mtu. Nilichagua kwa kumkomoa mke wangu, sikuchagua kwa upendo. Upendo sikujua umekaa wapi.

Alisuka mbele yangu. Aliweka kitovu kwenye mapaja, akaanza na spoki za upande wa mnyororo, zile zinazovutwa gurudumu linaposukumwa, kisha zile zinazorudi nyuma kuzikabili. Mwanzoni zilikuwa fujo tupu, vyuma vinavyoning'inia. Kisha akakizungusha kitovu kwa mkono mmoja, zote zikajipanga zikavutana, na gurudumu likatokea. Akalipachika kwenye baiskeli iliyogeuzwa, akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akazungusha. Pale chaki ilipogusa, alikaza upande huu, akalegeza upande ule. Alizigonga spoki kwa kucha, akisikiliza. Ilichukua asubuhi nzima. Watu walipita, wakasalimia, wakaulizana habari za njia. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama. Ilikuwa kazi nzuri na nilijua ni nzuri, jinsi unavyojua chakula ni kizuri wakati una homa.

Akaniambia nisilipakie hata bidoni moja. Nikasema sawa.

Nikatii sana, kupita kiasi. Baiskeli ilisimama ndani, imeegemea ukuta wa mbao, gurudumu lake jipya linang'aa, na njia ya kwetu ikawa haijatulia. Leo tuliambiwa iko wazi, kesho wanarudi watu na mabunda yao kichwani. Tukangoja. Nilitafuta vibarua vya kubeba mchanga na kuvunja mawe, siku nyingine nikapata, siku nyingi nikakosa. Mke wangu alianza kwenda ziwani mwenyewe. Alibeba bidoni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa Goma wanavyobeba, akiuzia nyumba za jirani. Nilimwona siku moja anapanda ile njia ya mawe, ameinama mpaka uso unatazama miguu yake. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Niliona, nikajua ninapaswa kusikia kitu, nikangoja nisikie. Kisha nikaenda zangu. Jioni alikuwa na sindano mkononi, anashona blauzi za mama kwenye mbavu. Nilidhani anaziba palipochanika.

Mama naye alikuwa akiniuliza kila nikisimama mlangoni kama kinga ingali ipo. Namwambia ipo. Anauliza ile tairi ni ya nani. Namwambia ni yako. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kugeukia ukuta.

Mwishowe habari njema zilikuja na zikakaa. Watu wa vilima vya karibu na kwetu walipanda, wakatuma salamu kwamba wamefika na wanapanda maharage. Tukapanga kuondoka Jumapili alfajiri, nisukume baiskeli kwa miguu, mama amekaa upande kwenye keria, mke wangu nyuma na vyombo. Nauli ya gari hatukuwa nayo, kwa hiyo tungetembea mpaka Sake, tulale, kisha tupande polepole. Nilifunga mto kwenye keria. Nilikagua gurudumu, nikazigonga spoki kwa kucha kama fundi, ingawa sikujua ninasikiliza nini.

Jirani yetu, yule muuza sombe, hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye msiba wa ndugu yake usiku huo. Mke wangu aliingia ndani peke yake, nikamsikia anajaribu, anapumzika, anajaribu. Kamba ya bidoni ilikuwa imemmaliza shingo, hakuweza kuinama na kitu mikononi. Akatoka, akasimama mlangoni, akaangalia chini. Hakusema niingie. Mama ndiye aliyesema, kutoka ndani:

"Muache aingie. Batu ba kipoyi hawako. Aniinue yeye."

Niliingia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa vitenge vyake vyote na koti la baba, mkubwa kama nilivyomzoea. Niliomba radhi, kwa sababu sikujua kingine cha kusema. Nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Nikakaza kiuno jinsi ninavyokaza kwa bidoni mbili za kujaa, nikavuta pumzi, nikainua.

Karibu nimrushe. Nguvu yote niliyoiandaa haikukuta kitu. Nilipepesuka nyuma, bega likagonga mbao, na mama akawa kifuani kwangu, ndani ya nguo zake, kama kuni chache zilizofungwa kwenye kitambaa kikubwa. Nguo ndizo zilikuwa na umbo. Mikono yangu inajua uzito, ndicho kitu pekee inachokijua vizuri mjini hapa, na ikaniambia papo hapo, kabla sijauliza. Mama yangu hakufika bidoni mbili.

Nilibaki nimesimama. Nilikumbuka shingo za wale wabebaji wa zamani, na bonde linalocheka. Nilikuwa nimesukisha gurudumu kwa ajili ya yule mwanamke mnene wa kipoyi. Huyu niliyembeba, gurudumu lolote lingemtosha. Angeweza kukaa juu ya mto mnene kwenye tairi la maji na mawe yasingemwona. Miezi yote ile tungekula. Na shingo ya mke wangu ingekuwa nzima.

Mama aliniangalia usoni kwa karibu, jinsi alivyokuwa hajaniangalia tangu nilipokuwa mtoto. Akaniambia nimuweke, kinga inangojea. Nikasema bado kidogo.

Nilimtoa nje, nikamketisha kwenye keria, nikamfunga na kitenge kwenye kiti cha baiskeli ili asianguke. Nilimfunga taratibu, fundo moja, jingine. Mke wangu alikuwa anapanga sufuria kwenye beseni. Nilimsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba alipaswa kuniambia. Hakuuliza niambiwe nini.

"Nilikuambia," akasema. "Nilisema ile ya mayi itamubeba."

Akainua beseni akaweka kichwani, akapinda uso kidogo kwa sababu ya shingo, akatangulia njiani.

Tulitoka Katoyi wakati watu wanafungua milango. Barabara ya kwenda Sake ilikuwa na chukudu zinazoshuka na makaa, wasukumaji wake wanapiga mluzi tuwapishe. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili, nikimtazama mke wangu mbele, na kila alipogeuka niliona alama ya kamba kwenye paji la uso hata akiwa haivai. Gurudumu lilipita juu ya mawe likinesa, likinesa, kama fundi alivyoahidi. Nyuma yangu mama akasema tairi hii ni nzuri, haimuumizi hata kidogo, nimefanya vema kumchagulia.

Hapo nikalia. Nililia barabarani kweupe, mtu mzima, mbele ya wasukuma chukudu. Nilimlilia baba na lile shimo fupi, nikawalilia na hawa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Iliuma sana, iliuma kama mguu unavyouma ganzi inapoondoka. Machozi yalifika kidevuni na sikuweza kujifuta, kwa sababu ningeachia usukani mama angeanguka. Mabega yangu yalikuwa yanatikisika na baiskeli ikaanza kuyumba pamoja nayo.

"Angalia njia, papa," mama akasema, kama mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Nikaangalia njia. Upande wa mnyororo spoki moja ilikuwa inalia kidogo kila gurudumu likizunguka, na nilijua imelegea, lakini sikusimama.